Mzee anakwenda India kutibiwa na siku ya kurudi haijulikani: tukate tiketi gani?

Swali: Salamu, mama. Baba yetu ana miaka 67 na anahitaji kubadilishiwa vali ya moyo. Hospitali ya Chennai imetuandikia kwamba matibabu yatachukua wiki tatu hadi nne, lakini daktari wetu hapa Kisumu anasema huenda ikafika miezi miwili. Tutamsindikiza mimi na dada yangu, ambaye ni mwalimu na lazima arudi shule zikifunguliwa. Nauli imetoka kwa harambee ya ukoo na kanisa, hatuwezi kupoteza hata shilingi. Wakala mmoja anasema tukate kwenda tu, mwingine kwenda na kurudi. Tumsikize nani? Msomaji, Mamboleo.

Jibu: Pole kwa ugonjwa wa mzee, ndugu yangu, na hongereni kwa mchango kutimia. Nitatanguliza jibu kisha nieleze, maana najua mnatakiwa kuamua upesi. Wewe na mzee kateni kwenda na kurudi, kwa nauli inayoruhusu kubadili tarehe, na siku ya kurudi iwekeni mwishoni mwa wiki ya sita tangu mfike. Dada yako akate ya bei ya chini isiyobadilika, kwa sababu siku yake ya kurudi inajulikana. Na kila mtu awe na buking yake peke yake. Wakala aliyewaambia mkate kwenda tu hana nia mbaya, lakini hesabu yake imeishia siku ya kuondoka.

Kwenda tu kunavutia kwa sababu mnalipa kidogo leo na mengine mnayaacha kwa Mungu. Tatizo la kwanza ni masharti ya viza ya mtandaoni ya India, ambayo yanamtaka msafiri awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari, pamoja na fedha za kumtosha akiwa huko. Mara nyingi anayewauliza tiketi hiyo hata si afisa wa India, ni mfanyakazi wa shirika la ndege pale Jomo Kenyatta. Shirika likimbeba mtu akakataliwa mpakani, ni juu yake kumrudisha, kwa hiyo wanakagua kabla ya kukupa kadi ya kupandia. Sitaki muwe mnabishana kwenye kaunta hiyo saa tatu usiku huku mgonjwa wa moyo ameketi kando akisikiliza. Tatizo la pili ni bei. Mashirika makubwa mengi hayauzi upande mmoja kwa nusu ya bei ya pande mbili. Utakuta kwenda tu kunakaribia bei ya kwenda na kurudi, na kule India mtanunua nyingine tena kwa haraka. Mashirika ya bei nafuu ndiyo huuza kila upande kivyake, na kwa kijana mzima anayesafiri na begi moja yanafaa. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa kifua ningetaka shirika lenye kitengo cha kushughulikia wagonjwa.

Sasa tuje kwenye neno linalowaponza watu wengi: tiketi "inayobadilika". Mteja akisikia hivyo anaamini kwamba akitaka kusogeza siku, anasogeza tu. Sivyo. Kubadili tarehe kuna gharama mbili zinazosimama kila moja peke yake. Kuna faini ya kubadili, ambayo ndiyo shirika linaisamehe linaposema "bila malipo". Halafu kuna tofauti ya nauli, na hii haisamehewi hata kwenye tiketi nyingi zilizoandikwa kwamba mabadiliko ni bure.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Daraja la kawaida tunaliona ni moja, lakini shirika limeligawa katika mafungu, kila fungu na herufi yake: Y, M, H, K, Q na nyingine. Watu wawili wanaoketi bega kwa bega, mmoja dirishani na mwenziwe kando yake, huenda wamelipa bei zilizopishana sana kwa sababu mmoja alinunua fungu la chini likiwa bado lina nafasi na mwingine akalikuta limekwisha. Ukibadili siku, kompyuta inatafuta kiti cha herufi ile ile kwenye ndege mpya. Kikipatikana, tofauti ni ndogo au hakuna. Kisipopatikana, mnapandishwa fungu la juu na mnalipa pengo. Kwa hiyo muulize wakala kabla ya kulipa: "Kurudi kwetu kumekatwa kwa herufi gani?" Andika herufi hiyo kwenye daftari lako. Siku ukipiga simu kutoka Chennai, uliza ndege ipi ya wiki hiyo bado ina herufi hiyo. Swali hilo moja limewaokolea wateja wangu fedha nyingi kuliko ushauri mwingine wowote niliowahi kuwapa.

Nikupe mfano wa hesabu. Bei hizi nimezitunga ili uone njia, usiende nazo dukani. Tuseme tiketi iliyofungwa kabisa ni shilingi 78,000. Ya pili, inayobadilika kwa faini ya 10,000, ni 88,000. Ya tatu, isiyo na faini, ni 104,000. Na tuseme kila mkibadili siku, tofauti ya nauli ni 6,000. Mkibadili mara moja, ya pili imewagharimu 104,000 na ya tatu 110,000. Mkibadili mara mbili, ya pili inafika 120,000 na ya tatu 116,000. Ile iliyofungwa, mkikosa siku, mnanunua upya upande wa kurudi. Hata ukipatikana kwa 52,000, jumla ni 130,000. Angalia hapo: iliyo rahisi zaidi ndiyo ghali zaidi mambo yakigeuka, na ile isiyo na faini inaanza kulipa pale tu mnapobadili mara ya pili. Kwa upasuaji wa vali, ambapo daktari mmoja anasema wiki tatu na mwingine miezi miwili, mimi ningejiandaa kwa mabadiliko mawili. Fanya hesabu hii na bei halisi mtakazopewa, mbele ya mweka hazina wa harambee, ili kesho asije mtu kuuliza kwa nini hamkuchukua ya bei ya chini.

Kuhusu dada yako. Yeye anajua shule zinafunguliwa lini, kwa hiyo kumlipia uhuru wa kubadili siku ni kutupa fedha za watu. Hatari inayobaki ni mzee kuzidiwa kabla ya safari ikabidi wote mwahirishe. Hatari hiyo naona mnaweza kuibeba kwa tiketi moja, si kwa tatu. Lakini hata yake msiilipie kabla viza zote tatu hazijatoka.

Na ndiyo maana nasema kila mtu na buking yake. Familia hupenda kuwa pamoja kwenye karatasi moja, na wakala huona ni kazi nyepesi. Halafu dada anatakiwa arudi Ijumaa, mzee bado yuko wodini, na mtu anaanza kuitenganisha buking kwa simu huku laini inakatika. Inawezekana kutenganisha, ila ni kazi ambayo haikuhitajika. Zikatwe tatu, siku moja, ndege moja, na wakala aandike kwenye kila moja kwamba hawa wanasafiri pamoja ili muwekwe viti jirani.

Kwa nini wiki ya sita? Hapo nimeangalia viza. Viza ya matibabu ya mtandaoni ya India hutolewa kwa siku 60 tangu mtu aingie, na inamruhusu kuingia mara tatu. Wasindikizaji wawili wanaruhusiwa kwa mgonjwa mmoja, nao hupata yao inayofuata ya mgonjwa. Wiki sita ni siku 42. Hospitali yenu imesema tatu hadi nne, kwa hiyo mna wiki mbili za kupumua kabla ya tarehe ya tiketi, na baada yake bado siku 18 za kusogeza bila kugusa viza. Mkiona daktari wa Kisumu ndiye aliyesema kweli na miezi miwili inakaribia, maombi ya kuongeza muda hupelekwa kwa ofisi ya kusajili wageni inayoitwa FRRO, kwa mtandao, pamoja na barua ya hospitali. Yapelekwe kabla siku 60 hazijaisha. Hospitali kubwa zina dawati la wagonjwa wa kigeni linalojua njia hiyo. Waulizeni wiki ya kwanza, msingoje ya nane.

Tiketi nayo ina umri wake. Kwa kawaida tiketi ya kwenda na kurudi huishi mwaka mmoja tangu siku ya kuondoka, lakini nauli nyingi za bei nafuu zina kikomo chake cha kukaa, mwezi mmoja au mitatu, na kikipita, ruhusa ya kubadili haina maana tena. Kwenu ombeni isiyopungua miezi mitatu. Wakala atakuonyesha mstari huo kwenye masharti ya nauli. Ukikuta anasitasita, mwambie akufungulie ukurasa mwenyewe usome.

Sasa kipande cha nyumbani, Kisumu hadi Nairobi, ambacho watu hukidharau. Nina mteja mmoja kutoka Siaya ambaye habari yake bado inaniuma. Tiketi yake ilianzia Kisumu, ikaunganisha Nairobi, ikaenda hadi ng'ambo. Siku mbili kabla ya safari akaamua apande basi la usiku ili apitie kwa ndugu yake Nairobi, akidhani anawaachia shirika kiti cha bure. Alipofika kaunta ya Nairobi, safari yote ilikuwa imefutwa, kwenda na kurudi. Vipande vya tiketi hutumiwa kwa mfuatano. Ukikiruka cha kwanza bila kuwaarifu, kompyuta inakuhesabu kwamba hukusafiri na inavifuta vinavyofuata. Sikuwa nimemwonya. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayetoka ofisini kwangu bila kuambiwa.

Pamoja na hatari hiyo, bado nawashauri mkate tiketi moja kutoka Kisumu hadi Chennai. Siku ya kurudi ikiwa haijulikani, tiketi moja hubadilishwa mara moja: mnasogeza Chennai na kipande cha Kisumu kinasogea nayo. Mkiwa na tiketi mbili zisizojuana mnalipa faini mbili, mnatafuta nafasi mara mbili, na ndege ya kutoka India ikichelewa, ile ya Kisumu haiwangoji wala haiwadai radhi. Uzito wa mizigo nao hutofautiana. Mtaambiwa Nairobi mlipie kilo ambazo Chennai hawakuziuliza. Ikiwa bei ya tiketi moja imewashinda, basi nendeni Nairobi siku moja kabla, mlale huko. Ni kama kilomita 350 za barabara, na msongamano wa Gilgil na Naivasha nyakati za sikukuu mnaujua. Mgonjwa wa vali hafai kutoka kwenye safari ya basi ya saa nane nzima moja kwa moja hadi kwenye ndege.

Siku ya kubadili ikifika, kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, msibadili kwa maneno ya wodini. Muuguzi atasema "wiki ijayo mtaenda," na anasema kwa moyo mwema, ila anayejua ni daktari wa upasuaji, na mara nyingi anajua baada ya kumwona mzee kwenye kliniki ya kwanza tangu atoke wodini. Pili, msiiache ndege iondoke mkiwa bado mnasubiri jibu. Tarehe ikikaribia na bado hamjui, mpigieni wakala aachilie viti na tiketi ibaki wazi, mtachagua siku baadaye. Mkikaa kimya mpaka ndege ipae, mnahesabiwa kuwa hamkutokea, na faini yake ni kubwa kuliko ya kubadili. Kwa baadhi ya nauli thamani yote ya kurudi inapotea hapo hapo.

Kumbukeni saa. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ofisi ya Kisumu ikifungua saa mbili asubuhi, kwenu Chennai ni saa nne na nusu. Jumapili nyingi zimefungwa. Chukueni namba ya dharura ya wakala, na siku moja mkiwa bado hapa Kisumu ipigeni usiku mwone kama inapokelewa. Tiketi iliyokatwa na wakala kwa kawaida hubadilishwa na wakala huyo huyo, shirika litawarudisha kwake, kwa hiyo mnachagua mtu mtakayemtegemea mkiwa mbali. Angalieni kama ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ile inayoitwa TRA. Na mkishalipa, dai namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za kwanza ni za shirika, kwa mfano 706 ni Kenya Airways na 071 ni Ethiopian. Zile herufi na namba sita za buking peke yake ni nafasi tu mliyowekewa, na nafasi isiyolipiwa hufutwa yenyewe saa ikitimia. Kuna vijana wanaouza karatasi za namna hiyo kwa elfu mbili tatu "za kuonyesha ubalozini". Msiguse. Mgonjwa wa kweli, mwenye barua ya kweli ya hospitali, hana sababu ya kubeba karatasi ya uongo.

Kurudi na mtu aliyepasuliwa moyo si kama kwenda naye. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani inakuwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi, yaani mfano wa mtu aliyeketi mahali kati ya Nakuru mjini na Nyahururu kwa saa zote za safari. Kwa mzee aliyetoka Chennai, mji wa pwani, mwili utaihisi tofauti hiyo. Ndiyo maana mashirika hutaka daktari ajaze fomu ya afya iitwayo MEDIF, na madaktari wao huipitia kabla ya kukubali. Huchukua siku mbili tatu. Kwa hiyo msihamishie tarehe kuwa kesho yake baada ya kuruhusiwa. Acheni angalau siku nne au tano.

Na hili nakuomba ulikumbuke hata ukisahau mengine: kila mnapobadili ndege, maombi yote mliyoweka kwenye ndege ya kwanza huenda yasihamie kwenye ya pili. Kiti cha magurudumu, chakula kisicho na chumvi, kiti cha karibu na choo, vyote viombwe upya. Kiti cha magurudumu hakilipiwi. Nimemwona mama mmoja akitembea njia yote ndefu ya uwanja wa Nairobi akishikilia ukuta, kwa sababu tu tarehe ilibadilishwa na hakuna aliyekumbuka kukiomba tena.

Kuna jambo zito ambalo wakala huogopa kulitaja, na ninalitaja kwa heshima. Ikitokea mzee asirudi nanyi akiwa hai, mashirika mengi humsamehe msindikizaji faini ya kubadili akionyesha cheti cha kifo, na familia inaweza kudai angalau kodi za uwanja kwenye tiketi ambayo haikutumika. Muulize wakala sasa, kimya kimya, wewe peke yako, sharti la shirika lenu ni lipi. Tunamwombea mzee arudi akitembea kwa miguu yake. Lakini sitaki ulijifunze jambo hilo katika wiki utakayokuwa huna nguvu ya kusoma chochote.

Bima ya safari nayo isomeni vizuri: nyingi hazilipii gharama zinazotokana na ugonjwa uliojulikana kabla ya safari, na wa mzee unajulikana. Msiihesabu kama mlango wa kutokea.

Msianze na tiketi, anzeni na kadi ya njano. India inamtaka anayetoka Kenya awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Wewe na dada mchanjwe wiki hii kama hamjachanjwa, na kama mna kadi ya zamani inatosha, tangu 2016 hutambuliwa maisha yote. Mzee amevuka miaka 60, na kwa umri huo chanjo hii hutolewa kwa uangalifu zaidi, kwa hiyo aanze kwa daktari wake wa moyo. Daktari akikataa asichanjwe, chukueni barua yake muulize Ubalozi wa India pale Nairobi kabla hamjalipa nauli. Akikubali, hesabuni siku kumi kutoka siku ya sindano, na tarehe ya kuondoka isiwe kabla ya hapo.